Muuguzi Anayebana Pakiti za Nyuzi Kwenye Kadi za Wagonjwa

Saa mbili na robo asubuhi, foleni ya chumba namba nne imeshapinda kona ya ukuta na kufika karibu na chumba cha sindano. Ndani, mwanamke mwenye viatu vya mpira vilivyokanyagwa visigino ameinama juu ya kichwa cha dereva wa lori. Mkono mmoja umeshika koleo dogo, mwingine mkasi wenye ncha iliyopinda.

"Tulia, baba. Mlango wa lori ulikupiga hukulia, leo unalia kwa kauzi?"

"Mlango haukunitangazia kwamba unakuja," dereva anajibu, macho ameyafumba.

Nyuzi saba nyeusi zinatoka moja moja na kulazwa juu ya kipande cha shashi. Muuguzi anazihesabu kwa sauti, analinganisha na idadi iliyoandikwa kwenye kadi, kisha ananyoosha mgongo kwa awamu tatu, kama kiti cha kukunja kilichoshika kutu. Huyo ni mgonjwa wa nne. Nje wamebaki thelathini na wanne, na benchi linatosha wanane.

Jina lake la kwenye cheti halisikiki hapa. Wagonjwa, madaktari na hata mlinzi wa getini humwita Siku Kumi, kwa sababu wengi wanaopita mikononi mwake ni kina mama waliojifungua kwa upasuaji, na kila mmoja wao humwambia maneno yaleyale: rudi siku ya kumi. Wenye majeraha ya uso huambiwa siku tano, wa kichwa saba, wa goti na unyayo kumi na nne. Lakini jina lilishakaa, na jina likishakaa halisikii la mwenyewe.

Ana miaka thelathini na minne kazini. Kumi na moja ya mwisho ameimaliza katika chumba hiki chenye dirisha moja, kitanda kimoja chenye ngozi iliyochanika, na taa ya mguu ambayo shingo yake imefungwa plasta. Zimebaki siku kumi na tisa astaafu.

"Miguu yangu ilishastaafu zamani," anasema huku akilisugua fundo la mguu lililovimba. "Mimi ndiye ninayesubiri barua."

Ukiitazama kwa mbali, kazi yake ni ya kudharauliwa. Mpasuaji hushukuriwa na kuombewa dua. Mtoa nyuzi hupigiwa kelele za "aii!" na kuulizwa kwa nini amechelewa. Mtu anayetoka chumba hiki hageuki nyuma, na Siku Kumi hamlaumu, maana hata yeye angependa kutoka bila kugeuka.

"Watu wanadhani uzi ni uzi," anasema, na uchovu unamtoka kidogo sautini. Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba mama huyu anaijua bidhaa yake kama muuza vitenge anavyovijua vitenge.

Kuna uzi wa utumbo wa kondoo, wenye rangi ya chai nyepesi, ambao huisha wenyewe ndani ya wiki chache. Huo hushonea sana ndani ya vinywa, mahali ambapo hakuna anayetamani kurudishiwa mkasi. Kuna wa zambarau, uliosukwa, unaoshikilia mfuko wa uzazi na kuta za tumbo hadi nyama zijishike zenyewe, kisha nao huyeyuka. Hariri nyeusi ni laini na tiifu kwenye fundo, kwa hiyo hufunga mishipa ya damu. Nailoni ni ya ngozi, na haiozi, usipoitoa, itakusubiri. Kuna hata waya wa chuma, wa kuunganisha mfupa wa kifua.

Halafu kuna wa bluu. Ni wa plastiki, unateleza, una nguvu. Hushona ngiri na kano, na pengine hupitishwa chini ya ngozi, kushoto kulia, kushoto kulia, ili kovu libaki jembamba kama mstari wa kalamu. Huo hauyeyuki hata umkae mtu miaka.

"Huo," anasema Siku Kumi, "ndio ulionifundisha adabu."

Kwenye kila kadi inayoingia chumba namba nne leo kumebanwa kipande cha pakiti kwa pini ya stepla. Ni kona ya pakiti ya uzi uliotumika, ile yenye rangi, namba na jina la aina. Daktari akimaliza kushona, pakiti haitupwi yote. Kona inakatwa, inabanwa kwenye kadi, na mgonjwa anaondoka nayo. Atakayetoa nyuzi, awe hapa au katika zahanati ya mbali, hana haja ya kubahatisha.

Utaratibu huo haukuletwa na wizara wala na semina. Aliuanzisha Siku Kumi mwenyewe, karibu miaka miwili iliyopita, kwa beseni la plastiki aliloliweka mlangoni mwa chumba cha upasuaji na kuliandikia kwa kalamu nene: PAKITI HAPA. Mwanzoni alikuwa akifika saa moja kamili asubuhi kuchambua pakiti na kuzioanisha na majina. Madaktari walimcheka. Mmoja alimuuliza kama anakusanya ili apate zawadi. Polepole wakazoea, na wauguzi wa upasuaji wakaanza kubana wenyewe, mradi tu yeye yupo wa kuwakumbusha.

Tatizo liko hapo kwenye "mradi tu yupo". Mwaka jana alipokwenda likizo ya mwezi mmoja, kadi zilirudi kuwa tupu ndani ya wiki ya kwanza. Beseni alilikuta chooni, limewekewa maji ya kudekia.

"Nikiondoka, na pakiti zinaondoka," anasema. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si miguu."

Alikwenda kwa metroni, mkuu wa wauguzi, kuomba utaratibu huo uandikwe na kupigwa mhuri. Metroni hakukataa. Alisema kikao cha Alhamisi hakipitishi jambo kwa maneno matupu. Alitaka kisa kimoja kilichoandikwa, cha mgonjwa aliyeumia kwa sababu uzi haukujulikana. Siku Kumi akasema atatafuta. Akatoka ofisini na shingo imemwinamia, kwa sababu kisa alikuwa nacho, na hakikuwa mbali.

Leo kadi ya mwenye kisa hicho iko mezani pake, ya kumi na saba kwenye rundo. Ameiona tangu asubuhi. Amepitisha mkono juu yake mara tatu bila kuisogeza.

Mwenyewe ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Miaka mitatu iliyopita alijifungua kwa upasuaji mtoto wake wa kwanza, akaja siku ya kumi kama alivyoambiwa. Wiki hiyo uzi wa kuyeyuka wa ngozi ulikuwa umekwisha stoo, na mpasuaji alishona kwa wa bluu. Lakini wodi ya wazazi ilikuwa na mhuri wa mpira, uliogongwa kwenye kila kadi ya mama aliyepasuliwa bila kuangalia nyuma wala mbele: NYUZI ZA KUYEYUKA.

Siku Kumi alisoma mhuri. Ncha mbili za uzi zilikuwa zimechomoza pembeni mwa kidonda, zimeganda damu, na taa ilikuwa inapepesa. Bluu na zambarau katika hali hiyo ni ndugu wa tumbo moja. Alimfanyia anachofanyiwa kila mwenye uzi wa kuyeyuka: alizikata ncha sawasawa na ngozi, zikazama ndani, akamwambia mama nenda, zilizobaki zitaisha zenyewe.

Hazikuisha. Baada ya miezi kadhaa kidonda kilianza kutoa usaha mahali padogo kama tundu la sindano, kikafunga, kikatoa tena upande mwingine. Mwalimu alipewa dawa, akabadilishiwa dawa. Alibadilisha sabuni mara tano. Mama mkwe wake alimwambia, kwa upole unaouma kuliko ukali, kwamba wanawake wa siku hizi hawajui kujisafisha. Mwisho daktari mmoja alichana sehemu ndogo na kuvuta kitu cha bluu.

Aliyeshika sinia siku hiyo ni Siku Kumi. Aliuona uzi ukitoka, akafungua kadi ya zamani, akakuta saini yake mwenyewe. Daktari aliandika maneno mawili, "uzi umetolewa", akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hakuna aliyeuliza uzi ule ulibakije. Siku Kumi naye alinyamaza. Kesho yake asubuhi alinunua beseni.

"Nilijiambia beseni ndilo toba yangu," anasema, huku akifuta meza ambayo tayari ni safi. "Kumbe beseni ni beseni."

Saa nne na dakika ishirini, zamu ya kadi ya kumi na saba inafika.

Mwalimu anaingia taratibu, mkono mmoja umelishika tumbo. Mtoto mchanga, wa pili, aliyezaliwa naye kwa upasuaji siku kumi zilizopita, amemwachia mama mkwe kwenye benchi. Ni mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma. Anapoulizwa kama mwandishi wa makala haya anaweza kubaki ndani, anamtazama kuanzia viatu hadi kalamu. "Aandike, lakini jina langu aliache," anasema. "Wanafunzi wangu wameanza kusoma magazeti."

Kabla ya kupanda kitandani anafungua mkoba na kutoa rula ya plastiki, sentimita thelathini.

"Sista, usinione mkorofi. Mara ya kwanza niliamini. Leo napima."

"Pima, mwalimu," Siku Kumi anajibu. "Ningekuwa wewe ningekuja na fundi wa mizani."

Wanacheka wote wawili, kicheko kifupi. Mwalimu anasoma kona ya pakiti iliyobanwa kwenye kadi. Uzi wa bluu, usioyeyuka, sifuri tatu. Anauliza maana ya sifuri tatu, na anaelezwa kwamba sifuri zikiongezeka uzi unakonda. Sifuri tano ni wa uso, sifuri moja hubeba tumbo.

"Sifuri nyingi zaidi, kitu kidogo zaidi," mwalimu anasema. "Darasani kwangu hapo kuna mtoto angepata kosa."

Analala. Siku Kumi anasafisha kidonda, ambacho kimefunga vizuri. Mwalimu anaiweka rula juu ya tumbo lake mwenyewe na kusoma: sentimita kumi na nne. Kisha, akiwa anatazama dari, anaanza kusema bila kuulizwa.

"Ule wa kwanza ulikaa siku mia nne na kumi na mbili. Nilizihesabu baadaye, kwenye kalenda. Nesi alikata ncha hapa na hapa, akaniambia nenda. Sikumwona uso, alikuwa na barakoa. Ningemjua, ningemuuliza swali moja tu."

Koleo limesimama hewani. "Swali gani?"

"Kama aliuona ule uzi."

Nje mtu anakohoa. Siku Kumi analiweka koleo kwenye sinia. Anashusha barakoa hadi kidevuni, na uso unaoonekana ni wa mwanamke wa miaka hamsini na tisa ambaye hakulala.

"Niliuona," anasema. "Niliuona na sikuutazama. Nilisoma mhuri. Ni mimi, mwalimu."

Mwalimu hageuzi kichwa. Mkono wake unaishika rula mpaka kucha zinakuwa nyeupe. Mlango unagongwa na mtu anayetaka kujua kama foleni imelala.

"Maliza kazi kwanza," mwalimu anasema hatimaye. "Halafu tutaongea."

Siku Kumi anapandisha barakoa. Anakata fundo la upande wa kushoto, anashika ncha ya kulia kwa koleo, na kuanza kuvuta, taratibu, bila kusita na bila kuharakisha, mkono wa pili ukiikandamiza ngozi ili isivutike. Uzi wa bluu ukivutwa kwa pupa hukatikia ndani. Jasho linamteremka pembeni mwa jicho na hawezi kulifuta. Miaka thelathini na minne, na anasema baadaye kwamba hajawahi kuogopa sentimita kumi na nne namna ile.

Unatoka wote. Anaulaza juu ya shashi, umejikunja mawimbi mawimbi, na mwalimu anainuka kwa kiwiko, anaunyoosha kwa vidole viwili kando ya rula.

"Kumi na nane."

"Lazima uzidi kidonda, kwa sababu unapita kushoto kulia," Siku Kumi anamweleza. "Ungekuwa kumi na mbili, hapo tungekuwa na shughuli."

"Kwa hiyo umetoka wote."

"Umetoka wote."

Hapo mwalimu analia. Halii kwa sauti. Machozi yanateremka tu masikioni kwa kuwa amelala chali, na Siku Kumi anampa kipande cha shashi safi, yeye mwenyewe akiwa hana mkono uliobaki wa kujifuta.

"Kwa nini hukusema siku ile walipoutoa? Mama mkwe wangu alinitazama mwaka mzima kama mtu mchafu."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kuitwa. Kuandikiwa barua ya onyo. Kuwa mtu aliyefanya vile." Anakaa kwenye kiti cha wagonjwa, jambo ambalo hajalifanya tangu asubuhi. "Nilikuwa nawaambia wasichana wanaojifunza hapa, mficha maradhi kifo humuumbua. Nikitoka hapo naficha yangu."

Kisha anamweleza kuhusu beseni, likizo, kikao, na kisa kilichoandikwa ambacho metroni anakitaka. Kwenye droo ya meza kuna fomu ya kuripoti makosa. Ilichukuliwa wiki mbili zilizopita. Imejazwa tarehe tu.

Mwalimu anaichukua ile fomu, anaigeuza pande zote mbili. "Lete kalamu," anasema. "Andika wewe. Nami nitasoma."

Siku Kumi anaandika akiwa amesimama, karatasi juu ya kabati la dawa. Mwalimu anamsahihisha mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu ameandika "mgonjwa alipata usumbufu". Anamwamuru aandike usaha, na aandike siku mia nne na kumi na mbili. Mara ya pili kwa sababu mahali pa jina la mhusika ameweka saini isiyosomeka. Siku Kumi anaandika majina yake matatu kwa herufi kubwa. Mwalimu anatia sahihi chini.

Ni wakati huo metroni mwenyewe anaingia, amechoshwa na malalamiko ya foleni. Anapewa karatasi. Anaisoma akiwa mlangoni, kisha anaisoma tena.

"Dada yangu," anamwambia Siku Kumi kwa sauti ya chini, "yaliyopita si ndwele. Umebakiza siku kumi na tisa. Hii inaingia kwenye faili lako, na wanaweza kukusimamisha kabla hujaagwa."

"Ulitaka kisa kilichoandikwa, metroni. Hicho."

"Sikujua ni chako."

"Nami ndiyo maana nilichelewa kukuletea."

Metroni anaikunja karatasi mara moja, anaitia mfukoni. Anasema ataipeleka Alhamisi, saa nne, na kwamba mhusika ataitwa kujieleza. Haahidi zaidi ya hapo. Anapotoka anageukia foleni na kuwaambia wavumilie, mtu ni mmoja.

Mwalimu anafunga kanga yake vizuri, anatia rula mkobani, anachukua na kadi yake. Mlangoni anasimama.

"Alhamisi saa nne nitakuja," anasema. "Lakini tuelewane, sista. Sijasema nimekusamehe. Nimesema nitakuja."

"Inatosha, mwalimu. Inatosha kabisa."

Saa saba na nusu wagonjwa wamekwisha. Siku Kumi amekaa, miguu ameiinua juu ya ndoo iliyopinduliwa. Anaulizwa mipango yake ya kustaafu, na jibu la kwanza ni kulala. Binti yake amemtengea chumba, na amemwahidi kwamba kwa mwezi mmoja hakuna atakayemuuliza kitu kabla ya saa tatu asubuhi. Kwa mwaka mzima, anasema, hatainama. Kitu kikianguka, kilale hapohapo.

Lakini kabla ya hapo kuna Alhamisi. Anakiri kwamba anaogopa sana. Ataivaa sare mpya aliyoiweka kwa ajili ya siku ya kuagwa, ili hata wakimfukuza wamfukuze akiwa amependeza. Anacheka kwa hilo peke yake, kisha anakoma.

"Wakikubali, pakiti itabanwa kwa sheria, si kwa kelele zangu," anasema. "Siku moja mama fulani atakuja hapa, atatolewa uzi wake wote, atachukua mtoto wake aende nyumbani. Hatajua niliwahi kuwepo. Hilo tu ndilo ninaloliomba."